Kichupa cha vinkristini: kutoka farmasi mpaka mushipa, nani anakichunga?

Familia nyingi za Lubumbashi zinajua ile safari. Munganga anaandika ordonanse, mama ao baba anatoka ku hopitali, anazunguka farmasi moja mpaka ingine, na ku mwisho anarudia na kichupa kidogo mu saki ya plastiki. Kama ni vidonge vya maumivu ya kichwa, saki haina shida. Lakini kama mutoto iko na kansere na dawa yenyewe inaitwa vinkristini, ile safari ni sehemu ya matunzo. Dawa ikiharibika njiani, hakuna munganga mwenye ataitengeneza tena.

Wasikilizaji wetu, tuanze na dawa yenyewe. Vinkristini inatoka mu ua la Madagaska, lile la pinki ao nyeupe lenye watu wengi wanapanda mbele ya nyumba. Musijaribu kuchemsha majani yake: ua lenyewe ni sumu, na kipimo cha dawa kinahesabiwa kwa miligramu, kufuatana na ukubwa wa mwili wa mugonjwa. Tangu miaka ya 1960 dawa hii inasaidia watoto wenye kansere ya damu, kansere ya figo, na ile ya kuvimbisha taya yenye kuitwa Burkitt. Hii ya mwisho ni ugonjwa wa kwetu Afrika. Denis Burkitt aliieleza mu 1958 akiwa Kampala, na mu 1967 kulifunguliwa kule kituo cha kuitunza, chenye leo ni Taasisi ya Kansere ya Uganda. Watoto wengi walipona mu vitanda vya kawaida, na dawa za sindano. Kwa hiyo tusiseme kansere ya mutoto ni mambo ya Ulaya tu.

Lakini dawa yenye kuua kansere inaweza kuua mutu pia. Hatari ya kwanza ni njia yenye inapitia. Vinkristini inaingia mu mushipa wa damu tu. Ikiingia mu maji ya uti wa mugongo, karibu kila mara mugonjwa anakufa. Namna gani kosa kama lile linatokea? Ni kwa sababu mutoto wa kansere ya damu ao ya Burkitt anapata pia dawa ingine, sawa vile metotreksati, yenye inaingizwa mu mugongo. Kama sindano mbili ziko juu ya meza moja, siku moja, na infirmie amechoka, mukono unaweza kukamata ile haikukuwa yake. Mu 2001, kule Nottingham, Uingereza, kijana wa miaka 18 alikufa hivyo, mu hopitali kubwa yenye kila kitu. Njo maana mu 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo: vinkristini isitiwe tena mu sindano, ichanganywe mu mufuko mudogo wa serumu. Hakuna mutu anaweza kuchoma mufuko muzima mu mugongo kwa kukosea. Dawa za mugongo zipewe saa ingine, ao fasi ingine.

Hatari ya pili iko mu mushipa wenyewe. Dawa ikivuja inje ya mushipa, inaunguza nyama ya mukono. Mutoto akilia kama inamuunguza, ao fasi ya sindano ikivimba, serumu isimamishwe mara moja. Mama, usione haya kuita.

Hatari ya tatu ni joto. Vinkristini inachungwa mu baridi ya digri 2 mpaka 8, mbali na mwangaza, na haipashwe kuganda. Sasa tuulizane: mu muji wenye umeme wa SNEL unakatika kila siku, frigo ya farmasi inafanya saa ngapi bila moto? Na wewe mwenye kupanda taksi-bisi na kichupa mu mufuko wa suruali, saa sita ya muchana, unakifikisha namna gani?

Tena kuna swali la ubora. Mu 2025 gazeti la waganga The Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi wa dawa za kansere zenye zilikusanywa Kameruni, Ethiopia, Kenya na Malawi. Karibu loti moja juu ya sita haikukuwa na kipimo cha dawa chenye kinapashwa kuwa ndani. Na kuangalia kwa macho hakukutosha kuzitambua. Kongo haikukuwa mu ule uchunguzi, lakini dawa zinavuka mipaka, na Kasumbalesa haiko mbali.

Familia haiwezi kupima dawa. Kazi ile ni ya leta, kupitia ACOREP, mamlaka yenye kusimamia dawa mu inchi. Kubebesha mama muzigo wote haiko haki. Hata hivyo kuna vitu vyenye anaweza kufanya leo. Mbele ya kununua, auliza hopitali farmasi gani wanaamini. Aombe kuona frigo, aombe fakture, na aandike namba ya loti na tarehe ya mwisho. Abebe kichupa mu kartoni yake, ndani ya termosi ao kikapu chenye barafu, na kitambaa katikati ili kisiguse barafu. Akifika, akitoe mara moja kiingie mu frigo ya hopitali. Na mbele dawa iingie mu mwili, auliza kwa heshima: « Munganga, hii ni dawa gani, na inaingilia wapi? » Munganga muzuri hakasirikie swali kama lile.

Ku nyumba, kazi inaendelea. Joto la mwili likifika 38, ni kurudia hopitali hata usiku. Tumbo likifunga siku nyingi, miguu ikifa ganzi, ao taya likiuma, munganga ajue. Asipewe dawa ya kuvu, sawa vile itrakonazoli, bila kuuliza: inaongeza sumu ya vinkristini. Na siku mbili za kwanza ao zaidi, mwenye kuosha mukojo, mavi na matapishi avae glovu, zaidi sana kama iko na mimba.

Kwa wakubwa wa hopitali na wa afya mu Haut-Katanga, mambo mawili hayaombi mashini ya bei kali. Ya kwanza ni amri ya kuandikwa: vinkristini mu mufuko wa serumu, kila mara. Ya pili ni hopitali yenyewe kununua na kuchunga hizi dawa, na frigo yenye moto wa jua, kusudi mama asitembeze muji muzima na uzima wa mutoto mu saki.