Mama Hawa wa Galkayo: Cherehani, Shule na Sitara ya Mkimbizi

Sisi watu wa pwani si wageni wa habari za wakimbizi wa Kisomali. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, vyombo vilishusha watu Mombasa na Malindi, na kambi zikaanzishwa Utange na kwengineko mjini. Waliotoka Barawa walikuja na Chimiini chao, lugha ambayo mtu wa Lamu akiisikiliza kwa makini hukosi kuokota maneno mengi. Kambi hizo za Mombasa zilifungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990, na wengi wa waliokuwamo wakapelekwa Dadaab na Kakuma.

Yaliyowapata kinamama njiani hayakusimuliwa sana. Kwetu jambo la namna ile hufunikwa kwa jina la sitara, na sitara ni jambo jema. Lakini mara nyingi kinachofunikwa ni fedheha ya aliyetenda, na aliyetendewa huachwa na donda lake peke yake.

Huko Dadaab hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1993 mashirika ya haki za binadamu yakapiga kelele, maana wanawake walikuwa wakibakwa na majambazi wanapokwenda porini kutafuta kuni. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, likaanzisha mpango wa kuwasaidia walioathirika, na baadaye, mwaka 1998, likaanza kugawa kuni ili wasitoke kambini. Wachunguzi walipoupima mpango huo wa kuni walikuta kuwa ubakaji wa porini ulipungua, lakini ule wa mahali pengine ukaongezeka. Wala si ajabu. Kuni haikuwa chanzo cha shari. Ilikuwa njia tu aliyoitumia mwovu kumpata mwanamke asiye na mali, asiye na jamaa wa kumtetea, wala pa kwenda kushtaki.

Ndiyo sababu yafaa tuitazame kazi ya Bi. Hawa Aden Mohamed, ambaye Wasomali humwita Mama Hawa. Huyu alikuwa mtumishi wa elimu katika serikali ya zamani ya Somalia, akishughulikia masomo ya watu wazima. Vita vilipozuka naye akawa mkimbizi, akafika hadi Kanada. Angeweza kubaki huko akala raha. Lakini mwaka 1995 alirudi akafungua kituo cha wanawake Kismayu, mji ambao si mbali na mpaka wetu. Mapigano yakaja hapo, naye akahamia Galkayo, na mwaka 1999 akaanzisha kituo cha elimu kwa ajili ya amani na maendeleo. Mwaka 2012 UNHCR ilimpa Tuzo ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatumikia wakimbizi kupita kiasi cha kawaida.

Jambo la kutazamwa ni jinsi alivyoipanga kazi yake. Mwanamke aliyebakwa akifika kwake hutibiwa, husikilizwa, kisha huingizwa darasani au kwenye ushonaji pamoja na wenzake ambao hawakupatwa na msiba huo. Anayemwona akiingia hawezi kujua amekuja kwa sababu gani. Hapo ndipo sitara ya kweli ilipo. Na kiwewe nacho, ambacho humfanya mtu ashtuke usiku na kukimbia watu mchana, hupata dawa katika mazoea ya kila siku: kuna saa ya kufika, kuna jirani wa kuzungumza naye, kuna nguo ya kumaliza. Neno “uwezeshaji” limechakaa kwa kutajwa katika semina za hotelini, lakini Galkayo maana yake ni mama kuwa na senti zake, asilazimike kumwomba chakula mtu anayemtaka vibaya.

Hata vijana wa kiume hakuwasahau, akawafundisha useremala na uchomeleaji. Kijana asiye na kazi katika mji ule huwa hakosi wa kumpa bunduki.

Upinzani haukukosekana. Walizuka wa kusema kuwa shule ya wasichana ni mambo ya kigeni, na maneno yakazidi alipoikabili mila ya ukeketaji, mila iliyomuua ndugu yake wa kike akingali mtoto. Yeye alishikilia kuwa hiyo ni ada ya watu wala si faradhi ya dini. Mwaka 2012 katiba ya muda ya Somalia iliipiga marufuku. Sheria kwenye karatasi ni jambo moja na vijijini ni jingine, lakini mlango umefunguliwa.

Hatari ya leo ni fedha. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na nchi nyingine tajiri zikapunguza mikono. Chakula kikikatwa dunia husikia; mshauri wa wanawake akiachishwa kazi hapana anayesikia.

Je, zaka zetu zaweza kufika huko? UNHCR imekuwa na mfuko wa zaka za wakimbizi tangu 2019. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, Imam Nawawi ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya ufundi wake. Basi cherehani ya mama wa Galkayo, au wa Dadaab hapa karibu, haina utata. Mshahara wa yule anayekaa naye kumsikiliza ndio hauingii kwa urahisi katika hesabu hiyo, na hutafutiwa sadaka au wakfu. Tunazo wakfu za misikiti, za makaburi na za madrasa. Ya kazi hii mimi bado sijaisikia.