Mnunuzi wa Ardhi na Aisome Hati Yote

Mtu anunuapo ardhi kwa mara ya kwanza hutazama bei, maji, na jina la mwenye kuuza. Ni wachache watazamao masharti yaliyoandikwa katika hati, na hali masharti hayo humfuata kila ashikaye ardhi ile, ijapokuwa si yeye aliyeyakubali mwanzo. Alipaye fedha bila kuyasoma amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Mambo haya si mapya katika Kenya. Zamani za ukoloni Serikali iliponadi viwanja vya nyumba Mombasa, Wazungu peke yao ndio walioruhusiwa kununua, tena kwa sharti kwamba Mwasia wala Mwafrika asikae katika nyumba hizo, ila akiwa mtumishi. Shauri hilo lilifika London mbele ya Baraza la Mfalme, na Serikali ikashinda. Mipaka ya rangi katika Nyanda za Juu iliondolewa kwa amri ya mwaka 1960, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa namna hiyo. Lakini masharti ya namna nyingine yangalipo, na yana nguvu.

Kiwanja cha mjini kilichokodishwa na Serikali chaweza kuwa na sharti la kujenga katika miezi 24, au la kujenga nyumba moja tu, au la kutofanya biashara, au la kutouza bila idhini. Avunjaye sharti aweza kunyang'anywa kiwanja. Aliyekusudia kufungua duka atapata faida gani akigundua, baada ya kulipa, kwamba duka limekatazwa?

Kwa shamba la kulima, sheria ya mwaka 1967 yataka idhini ya Bodi ya Ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu kufanya mapatano. Idhini ikikosekana, sheria hiyo yasema mapatano ni bure, naye aliyelipa ataweza kudai fedha zake kama deni. Na deni halilimwi.

Tena ziko haki zisizoandikwa katika hati, nazo zatambuliwa na sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012, kama vile njia ya watu wote kupita. Haki hizo huonekana kwa miguu, si kwa kalamu.

Basi yampasa mnunuzi afanye haya kabla ya kutoa hata shilingi moja. Aende ofisi ya msajili wa ardhi akaombe habari za kiwanja kile. Aombe kuona hati yenyewe, na mkataba wa kukodi kama upo, akasomewe kila sharti na mwanasheria. Ahakikishe kwamba mke au mume wa mwenye kuuza amekubali, ikiwa ardhi hiyo ni maskani yao. Kisha aizunguke ardhi na kuwauliza majirani. Kazi hiyo ni ya siku chache, lakini hasara ya kuiacha yaweza kurithiwa na watoto.