Mkojo Mwekundu wa Ng'ombe na Somo la Bayolojia

Ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu katika vilima vya Rungwe au Mufindi, aghalabu kupe ndiye anayeshtakiwa kwanza. Shtaka hilo lina msingi, kwani kupe hueneza babesia, kimelea kinachopasua chembe nyekundu za damu. Lakini katika nyanda hizi za juu za Mbeya na Iringa humea pia kangaga liitwalo Pteridium aquilinum, hasa palipofyekwa msitu au kuchomwa moto. Sumu yake yaweza kumvujisha ng'ombe damu pasipo kupe hata mmoja. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa sekondari aweza, na apaswa, kufundishwa kuzitofautisha hali hizi mbili.

Tuanze na figo. Ndani yake mna mafundo ya mishipa myembamba sana yachujayo damu. Seli za mishipa hiyo zimekaa juu ya utando wa msingi wenye kolajeni. Seli hizo zina vitundu vya kupitisha maji na chumvi, lakini chembe nyekundu na chembe sahani ni kubwa mno kupenya. Mshipa ukichanika, kolajeni hufichuka. Chembe sahani huinasa, hujitandaza, hushikamana na kuziba ufa. Giulio Bizzozero wa Italia alieleza kazi ya chembe hizo mwaka 1882.

Kangaga huuvuruga ulinzi huo tangu chimbuko lake. Mwaka 1983 wanakemia wa Japani na wa Uholanzi waliitenga sumu yake, ptakwilosidi. Ng'ombe alaye kangaga kwa wingi kwa majuma kadhaa huharibika uboho wa mifupa, nazo chembe sahani, ambazo huishi siku chache tu, hukosa za kuzirithi. Hapo hata ufa mdogo hauzibwi, na damu hutoka puani, katika kinyesi na katika mkojo. Akila kidogo kidogo kwa miaka, huweza kupata uvimbe wa kibofu uvujao damu.

Katika babesia mambo ni mengine. Chembe nyekundu zimekwisha kupasuka, na hemoglobini iliyoachwa huru, kwa udogo wake, hupita hata katika kichujio kizima. Basi mkojo mbichi uwekwe katika neli ya kioo na kuachwa utulie. Chembe nzima zikiwamo, huzama chini. Hemoglobini haitui, na mkojo hubaki mwekundu toka juu hadi chini. Kipimo hiki kisicheleweshwe, maana chembe huweza kupasuka zenyewe. Glavu zivaliwe na mikono ioshwe, kwani mkojo wa ng'ombe waweza kubeba leptospira ziambukizazo binadamu.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Naam, uamuzi ni wake, kwa darubini na sampuli ya damu. Hata hivyo, daktari aliyeletewa habari sahihi huanza mahali panapofaa, naye mfugaji hatamaliza fedha zake kwa dawa za kuua vimelea huku makangaga yakiendelea kuliwa malishoni. Ndugu walimu, neli ya kioo mnayo, na mifugo i jirani na shule. Somo la damu na figo lisiishie ubaoni.