MALI BILA DAFTARI



Katika mkutano wetu wa mwisho na waajiri, wajumbe wa chama walikwenda wakiwa wamejitayarisha, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Walikuwa na hoja juu ya kupandishwa vyeo, juu ya wenzetu wanaofanya kazi kwa mkataba mfupi mwaka baada ya mwaka, na juu ya wahudumu wa afya ya jamii wanaongojea posho yao mpaka wamechoka kungojea. Walisema kwamba watu wa zahanati za mashambani wamesoma, wamefundishwa tena na tena, na kazi wanayoifanya imezidi cheo walichoandikiwa. Karani wa upande wa pili akafungua faili lake, akauliza kwa upole: "Ni wangapi? Walifundishwa nini? Na nani? Mwaka gani?"

Wajumbe wetu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Ndipo yule karani akasoma karatasi yake, nayo ilisema kwamba katika mwaka mmoja waliopewa mafunzo walikuwa wengi kuliko wafanyakazi wote walioko katika zahanati zetu. Tulijua kuwa haiwezekani, lakini kujua si kuthibitisha. Hoja yetu ikaahirishwa, nasi tukarudi nyumbani mikono mitupu. Twaeleza aibu hii bila kuificha, kwa sababu ni yetu sote, na dawa yake iko mikononi mwetu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya mfanyakazi ndiyo mali yake. Hana shamba kubwa wala duka. Ana mikono yake na yale aliyofundishwa. Mali hiyo isipoandikwa, mwenye daftari ndiye atakayesema ina thamani gani.

Hebu tutazame hesabu ya yule karani ilitoka wapi. Haikuwa uongo mtupu. Semina inapofanyika, kila anayehudhuria hutia sahihi, na sahihi zote hujumlishwa mwisho wa mwaka. Muuguzi mmoja akienda semina ya malaria, kisha ya chanjo, kisha ya kifua kikuu, kisha ya lishe ya watoto, ripoti itasema wamefundishwa watu wanne. Ni mtu yule yule mmoja. Na yule wa zahanati ya mbali, ambaye hajaitwa hata mara moja, haonekani popote. Kuhesabu sahihi si kuhesabu watu, kama vile kuhesabu sahani si kuhesabu walioshiba.

Jambo la pili ni hili: daftari lenyewe limegawanyika. Katiba ya 2010 iliweka zahanati na vituo vya afya chini ya kaunti, nazo kaunti 47 zikaanza kazi hiyo mwaka 2013. Lakini Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ambacho asili yake ni mwaka 1927 na ambacho kina matawi zaidi ya 70, kimebaki chini ya Serikali ya Taifa. Leseni zetu nazo zatolewa na mabaraza: wauguzi wana lao, matabibu wana lao, na maafisa wa afya ya umma wana lao. Basi chuo chajua ni wangapi waliohitimu, baraza lajua ni wangapi waliosajiliwa, na kaunti yajua ni wangapi inaowalipa. Mpishi ni mmoja, mpakuaji ni mwingine, na mwenye njaa hajulikani aulize kwa nani.

Matokeo yake tunayaona kwa macho. Kijana amesoma utabibu miaka mitatu, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, akapata cheti. Leo yuko nyumbani akisaidia katika duka la dawa. Kilomita chache kutoka kwao kuna zahanati yenye muuguzi mmoja tu. Ukimwuliza mkubwa yeyote, ni vijana wangapi wa namna hii katika kaunti yetu, atakujibu "ni wengi". Lakini "wengi" si neno la kutilia fedha katika bajeti.

Mtu asituambie kwamba kuhesabu ni kazi ya makarani, nayo haimsaidii mgonjwa wala mfanyakazi. Tuchukue mfano wa wauguzi wa Kenya. Kuanzia mwaka 2002 orodha zao, zilizokuwa katika majalada ya karatasi, zilianza kutiwa katika kompyuta, kwa ushirikiano wa Serikali, Baraza la Wauguzi, na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani. Daftari lilipokuwa safi, watafiti waliweza kutazama miaka ya 1999 hadi 2007, na mwaka 2011 wakatangaza walichokiona: kwa kila wauguzi wanne na nusu ambao nchi iliongeza kwa kuwafundisha, muuguzi mmoja alikuwa akiomba karatasi za kwenda kufanya kazi ng'ambo. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na habari kwamba wauguzi wanaondoka. Baada ya hapo ilijulikana kwa kiasi gani. Habari ya kwanza ni mazungumzo ya hotelini; ya pili ni hoja ya mezani.

Liko tena swali la nani afundishwe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya namna ya kuwafanya wafanyakazi wa afya wakae mashambani, likayarudia na kuyaongeza mwaka 2021. Shauri mojawapo ni kuwachukua wanafunzi waliozaliwa na kukulia mashambani, kwa kuwa hao ndio wenye mwelekeo mkubwa wa kurudi na kukaa huko. Shauri jingine ni kuwafundishia karibu na mahali watakapofanya kazi. Wazee wetu hawatalishangaa hili. Kenya ilijenga zamani vituo vya mafunzo ya afya ya mashambani, kama vile Chulaimbo, Mosoriot na Tiwi, ili mtu ajifunze kazi mahali ilipo kazi. Lakini leo, katika kaunti yetu, nani awezaye kusema ni wangapi kati ya wanaohudumu mashambani walizaliwa huku, na ni wangapi kati ya walioletwa kutoka mbali walikaa zaidi ya miaka mitatu? Tukiwa na hesabu hiyo, tutadai nafasi za chuo kwa watoto wa huku, na hatutadai kwa kulia bali kwa kuonyesha.

Wahudumu wa afya ya jamii ndio wanaoumia kuliko wote. Mkakati wa afya ya jamii ulianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi wenzetu hawa walipita nyumba kwa nyumba kwa kujitolea. Mwezi wa Septemba 2023 wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi Nairobi, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia kazi zao, na posho ikawekwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka kaunti. Ni hatua, nasi hatuikatai. Lakini mama aliyefundishwa mara ya kwanza zaidi ya miaka kumi iliyopita, akafundishwa tena uzazi salama, tena shinikizo la damu, tena kisukari, leo anahesabiwa sawa na aliyeanza jana. Vyeti vyake viko katika mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Siku itakapokuja ya kuuliza nani apewe nafasi ya kusomea cheti cha chuo, vyeti hivyo vitasemewa na nani?

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana mwenye kunyosha kidole na vingine vinamwelekea.

Kwanza, tunajua kwamba semina ina posho, na posho ina marafiki. Wako wanachama wanaokaa karibu na ofisi ambao huitwa kila mara, na wako wa mbali ambao husikia habari baada ya semina kwisha. Wanaoitwa hawajapata kusema, "Safari hii aende mwenzangu." Hesabu hii itaonyesha hilo pia, nasi hatutalifuta.

Pili, muuguzi aliye peke yake akienda mafunzo ya siku tano, mlango wa zahanati hufungwa siku tano, na mama mwenye mtoto mgonjwa hurudi na njia. Mafunzo ni haki yetu, na mlango wazi ni haki ya mama yule. Tukiziandika siku hizo, tutakuwa na sababu imara ya kudai mtu wa kushika zamu. Tusipoziandika, lawama itabaki kwa muuguzi.

Tatu, wako wanaoogopa. Wanasema: "Tukijiandikisha, orodha itamfikia mwajiri, nasi tutahamishwa au kuachishwa." Hofu hii si ya kipumbavu; mara nyingi mfanyakazi amehesabiwa ili apunguzwe. Kwa hiyo kamati kuu imekata shauri hivi: fomu zenye majina zitakaa katika tawi, chini ya ufunguo wa katibu na mweka hazina kwa pamoja. Kitakachotoka nje ni jumla tu, bila jina la mtu wala zahanati yenye mfanyakazi mmoja. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na chama hakitakuwa cha kwanza kuivunja juu ya wanachama wake. Asiyetaka kujaza hatalazimishwa.

Kila mwakilishi wa kazini atapata fomu pamoja na gazeti hili. Maswali ni machache:

1. Kazi yako, na mwaka ulioanza kuifanya mashambani.

2. Ulisoma wapi, kwa muda gani, na nani alilipa karo.

3. Ulizaliwa na kukulia wapi.

4. Mlikuwa wangapi mlipoanza masomo, mlimaliza wangapi, na unaowajua wako wapi leo: kazini, nyumbani, au ng'ambo.

5. Tangu kuajiriwa, umepata mafunzo gani, siku ngapi, na kama ulipewa cheti.

6. Uliporudi, je, vifaa ulivyofundishwa kuvitumia vilikuwapo?

7. Ulipokuwa mafunzoni, nani alishika zamu yako?

8. Je, mafunzo hayo yalikuongezea cheo au mshahara?

Twaomba mambo matatu. Andika unachokijua, usiandike unachokidhania. Mahali usipojua, acha wazi. Mtu mmoja ajaze fomu moja tu, hata akiwa amehama zahanati mbili mwaka huu. Na mwakilishi asikae ofisini akingojea fomu zimfuate. Apande gari au baiskeli, afike kwa yule wa mwisho wa njia, kwa sababu hesabu inayokosa wa mbali ni ile ile ya yule karani, ila imeandikwa kwa mkono wetu.

Fomu zirudi kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Jumla itachapishwa katika gazeti hili, ikitupendeza au isitupendeze. Ikionekana kwamba tumefundishwa vya kutosha lakini hatuna vifaa, tutadai vifaa. Ikionekana kwamba semina zote zimekwenda kwa watu wachache, tutadai zamu. Ikionekana kwamba watoto wetu waliohitimu wako nyumbani huku zahanati zina mtu mmoja mmoja, hapo tutakuwa na karatasi ambayo hakuna atakayeiahirisha kwa swali la upole.

Mkutano mwingine na waajiri utakuja. Karani yule atafungua tena faili lake na kuuliza, "Ni wangapi?" Safari hii, ndugu, na sisi tuwe na faili letu mezani.

Mhariri