Usukani ukitetemeka, usikimbilie kununua diski

Kama mzee amekuachia Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 na 1973, najua ushaambiwa: "Diski zimepinda, leta mpya." Tulia kwanza, msee. Usitoe pesa bado.

Ukikanyaga breki usukani ukatetemeka, shida iko mbele. Ukiisikia kwenye kiti na pedali tu, shuku nyuma, na 240Z nyuma haina diski, ina dramu. Sasa hizo diski mpya za mbele zitakusaidia nini?

Hata mbele, mara nyingi diski haijapinda. Pedi zimeacha utando usiolingana, ama kutu imekwama kati ya diski na habu. Mwambie fundi ainue gari atikise gurudumu. Likicheza, aangalie beringi kabla ya kitu kingine. Halafu aweke kile kipimo cha mshale kinachofanana na saa, azungushe diski polepole. Mshale ukiyumba kupita sehemu ya kumi ya milimita, afungue, asafishe habu, apime tena. (Diski ya gari hili imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, kwa hivyo kazi ni ndefu. Usimharakishe.)

Fundi asiye na kipimo hicho anabahatisha, na sioni kwa nini umlipe kwa kubahatisha. Lakini diski ikishakonda kupita kiwango, hiyo haichongwi, inatupwa. Hapo usibishane naye, hasa kama wikendi unapanga kuteremka Mai Mahiu.