Nyamirambo Ikipendeza, Nani Atahama?

Watu wengi huusifu mtaa wetu wa Nyamirambo hapa Kigali, hasa Biryogo, ambako Kiswahili kimesemwa na wafanyabiashara miaka mingi kabla ya nchi kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Nami nausifu. Hata saa nne za usiku utawakuta mafundi cherehani wakishona, mishikaki ikichomwa, na watu wakinywa chai mezani katika barabara iliyofungwa magari yasipite, ikapakwa rangi. (Rangi yenyewe huwafurahisha wapiga picha kuliko sisi.)

Lakini mtaa ukisifiwa, kodi hupanda. Mama mpika chapati, apangaye chumba kimoja nyuma ya duka, akiongezewa kodi asiyoiweza hana budi kuhama. Wengine husema hayo ndiyo maendeleo. Mimi nakataa. Waliovuta wageni ni mama huyo na fundi cherehani, wala si rangi. Yafaa wenye nyumba waandikiane na wapangaji mkataba wa miaka miwili au mitatu, kodi isipandishwe katikati. Mwenye nyumba naye atafaidi, maana chumba hakitakaa kitupu. Na mama atajua kwamba mwakani watoto wake watasoma shule ile ile.