Mtoto Njiti: Msimwachie Mama Peke Yake

Sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tuna neno kwa akina baba, mama wakwe na mabibi. Mtoto njiti akishatoka hospitali, kazi ya kumlea si ya mama yake peke yake.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 32 za mimba hana mafuta mwilini ya kumtia joto, wala hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Uwezo huo huja yapata wiki ya 34. Kwa hiyo mama hukamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na mtoto hulishwa kwa mpira mwembamba, baadaye kwa kikombe.

Joto hulipata kifuani. Mtoto huvalishwa kofia, soksi na nepi tu, akafungwa ngozi kwa ngozi. Njia hii, iitwayo kangaruu, ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, ambako mashine za joto hazikutosha. Wako wanaodhani ni njia ya maskini. Sivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani mapema, bila kungoja hali zao zitulie, walikufa pungufu kwa robo kuliko waliongojewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kangaruu ya saa 8 hadi 24 kwa siku.

Sasa hesabuni saa hizo. Nani atateka maji? Nani atapika?

Mama mmoja alijifungua katika wiki ya 29, mtoto akiwa na kilo 1.2. Alikaa nasi wiki saba, mtoto akanenepa. Siku kumi baada ya kuruhusiwa alirudi kliniki, uzito umeshuka. Hakuwa mzembe hata kidogo. Siku ya tatu tu alipelekwa shambani, na mtoto akaachwa kitandani amezungushiwa chupa za maji ya moto. Chupa hizo huunguza. Na jiko la mkaa ndani ya chumba huua.

Kifua cha baba kina joto lile lile, na cha bibi pia. Wazee wengine husema ni aibu mwanamume kubeba kichanga kifuani. Sisi tumewaona wanaume wa miraba minne wakisinzia na watoto wao kifuani, na hatukuona aibu yoyote.

Kuna na maneno ya majirani: mbona wa fulani anakaa, huyu hakai? Aliyezaliwa wiki ya 29 amewahi kwa wiki 11. Akifika miezi sita, mtazameni kama mtoto wa miezi mitatu na nusu. Chanjo tu ndizo hufuata tarehe yake ya kuzaliwa. Wala mama asiulizwe alikula nini au alibeba nini. Mara nyingi hata sisi hatuioni sababu.

Mtoto akikataa maziwa, akiwa wa baridi au akipumua kwa shida, mleteni siku hiyo hiyo, hata usiku. Mwenye mafua asiingie kumwona. Na wanajumuiya mnaokwenda kutoa pongezi, naweni mikono, msikae sana, kisha mmoja wenu achukue ndoo akateke maji.